Natafuta wa Kunitukana

Ndoto ya kuamkia leo nitaieleza kama ilivyokuja. Atakayecheka acheke, maana mimi wakati ule sikuona cha kuchekesha.

Niko kwenye dirisha la usajili la chuo, Iringa, wiki ya pili tangu nifike kutoka Songea. Karani ni sweta. Si mtu aliyevaa sweta, ni sweta lenyewe, la kahawia, limekaa kitini limekunja mikono. Nikaliamkia shikamoo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Mama aliniambia niende ugenini na adabu zangu zote na mdomo niufunge. Sweta likaitikia marahaba, likasoma jina langu, Eufrasia Mbano, likanirudishia fomu.

Ile ni Fomu ya Kupokelewa na Mji, kila mwanafunzi mgeni anayo. Inataka mambo matatu. Kwanza, mgeni awe amesalimiwa. Hilo sina shida nalo, Iringa watakwambia kamwene mpaka ujione mkwe wa mji mzima. Pili, awe amelishwa, nami nimelishwa. La tatu lilikuwa halijajazwa: mgeni awe ametukanwa na mtani wake.

Sweta likaniuliza kabila. Nikasema Mngoni. Likashangaa, kwa upole, kwamba Mngoni anaweza kukaa kwa Wahehe wiki mbili asiambiwe neno baya hata moja, wakati watu hawa ni watani tangu mababu zao walipochoka kuchomana mikuki. Likataka kujua kama hata chumbani hakuna mtu. Nikakiri kwamba yupo. Ninakaa na Leokadia Kikoti, Mhehe wa kuzaliwa, ananizidi mwaka mmoja, na mazungumzo yetu yote ni shikamoo yangu na kamwene yake. Akitoka nageukia ukuta nalia. Kisha naandika barua ya kuomba kuhamia chuo cha nyumbani, halafu naichana.

"Mwisho saa sita mchana," sweta likasema. "Usipotukanwa tunakuandikisha mtalii. Miaka yote mitatu."

Nikauliza watalii wanakaa wapi.

"Makumbusho."

Naingiza kichwa dirishani ili nielewe vizuri, na tayari niko makumbusho. Kuna kabati la kioo liko wazi, kati ya mkuki na kibuyu. Kibao chake kimeandikwa: Mngoni, mwanamke, mwaka wa kwanza. Usiguse. Wameshatandika na mkeka. 

Pembeni kuna kigoda cha miguu mitatu, cha zamani sana. Nakiamkia, nakiita babu, nakiomba kinitukane. Kigoda kinafikiri. Kinasema kingependa, uso wangu una mengi ya kusemwa, ila kiko chini ya ulinzi: hakikaliwi, hakiguswi, wala hakitukani wageni. Kinanishauri nijaribu sokoni kwa vikapu, maana vinapiga soga tangu asubuhi.

Natoka, na mlango unanitoa sokoni. Vikapu vya majani ya milulu vimepangwa hadi juu. Napiga magoti nakieleza kile kikubwa shida yangu. Kinasema nimependeza. Cha pili kinasifu nywele. Kidogo kabisa kinasema nina meno mazuri, kinauliza kama nilizaliwa nayo. Navisihi viseme basi hata miguu yangu ni mikubwa, na kweli ni mikubwa. Vinatazamana, vinasema vimeshaona mikubwa zaidi. Nilikasirika nikakaribia kuvipiga teke. Hakuna kinachochosha kama adabu ya mtu usiyemzoea.

Saa ya ukutani inasema kwa mdomo wake kwamba zimebaki dakika kumi. Nakimbia. Nakata kona kwenye mafungu ya mchicha, natokea juu ya mji, penye Gangilonga, lile jiwe kubwa ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea. Nikasema hapa sikosi. Nikapiga goti, nikaamkia, nikaeleza yote toka sweta mpaka vikapu. Huko chini naona watu wawili wamebeba kabati la kioo, wanapanda mlima, wanapumzika, wanapanda tena.

"Siwezi," jiwe likasema.

Nikauliza kwa nini.

"Utani ni wa kupokezana, mwanangu. Wewe umejaa shikamoo mpaka kooni. Nikikutukana nitakuwa nimemwonea mtu tu. Anza wewe."

Nililia hasa. Nikaliambia mama amenikataza. Jiwe likauliza kama mama yangu hana watani. Hapo nikakumbuka msiba wa babu. Mhehe mmoja aliingia kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na mama, ambaye kwa siku tatu alikuwa hali wala hasemi, akamwambia alale vizuri basi wamfukie yeye, akacheka mpaka akashikwa asianguke.

Wabeba kabati wamefika. Mmoja ananipima mabega kwa kamba, ananiomba radhi. Nikafuta kamasi, nikasimama.

"Wewe jiwe," nikasema. "Nasikia babu zangu walipofika hapa, Wahehe wote walijificha nyuma yako. Na wewe, mwili wote huo, ukawa unatafuta kichaka."

Mwenye kamba akaacha kupima. Kisha jiwe likacheka, cheko la tumboni, mijusi ikaanguka. Ndipo likanitukana. Lilianza na miguu, likapanda kwenye nywele, likaupitia ukoo wa Mbano mmoja mmoja kwa majina, likasema tulitembea nusu ya Afrika kutafuta ng'ombe na mpaka leo hatujui kukamua. Nami nimesimama pale natukanwa, nina raha kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Sweta likatokea limeshika mhuri. Likaugonga kwenye fomu, ko, nikaamka.

Ulikuwa mlango. Kumekucha, na Leokadia anaingia, mkoba bado begani. Jana jioni alikwenda kulala kwa shangazi yake, huko Kihesa, chumbani nililala peke yangu. Nikafungua mdomo nimwamkie.

Hakusubiri. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Wewe Mngoni," akasema. "Sisi hatukujificha nyuma ya jiwe lolote."

Nikamuuliza nani kamwambia maneno hayo. Akasema hata yeye hajui, ameamka nayo mdomoni, na njia nzima kutoka Kihesa yalikuwa yanamwasha. Akawa ananitazama kama anaogopa amenikosea.

Nikaketi kitandani.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "mlijificha nyuma ya nani?"

Kipindi cha kwanza tulikikosa sote wawili.