Mwogeleaji wa Akiba

Kofia ya kuogelea ikikaa kichwani muda mrefu bila maji inauma. Inakamata nywele za kisogoni na kuvuta ngozi ya paji la uso, na ukiivua hutapata muda wa kuivaa tena ukiitwa ghafla. Kwa hiyo mwogeleaji wa akiba haivui. Anasimama nyuma ya vijukwaa vya kurukia akiwa amevaa kila kitu, mwili umeshapata joto, akingoja mmoja kati ya wanane augue, achelewe chooni au apasue miwani yake. Filimbi ndefu ikilia na kila njia ya majini ina mtu, wa akiba anachukua taulo lake na kwenda kukaa na wazazi. Ikilia na njia moja iko tupu, anapanda.

Mimi, Maren Ostrander, nilikuwa wa tisa.

Zilikuwa fainali za jimbo, yadi mia za mtindo huru, wasichana. Asubuhi kwenye mchujo nilimaliza nyuma ya wa nane kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Huyo wa nane alikuwa Callie Pruitt, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo, tunasoma shule moja kule Harlan Gap, mji wenye mashamba ya ngano, maghala ya ngano, makanisa na redio moja. Wa kwanza alikuwa Marlow, kutoka shule kubwa ya upande wa pwani. Marlow alizaliwa mvulana, na miaka miwili ya kwanza ya sekondari aliogelea na wavulana. Mwaka huu aliwekwa na sisi. Ondoa jina moja juu ya ubao wa matokeo, Callie anakuwa wa saba na mimi wa nane. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu.

Redio ya Harlan Gap ni sauti ya baba yangu. Kila asubuhi, bei za ngano zikishasomwa, Dale Ostrander anawasha kipaza sauti na kuongea juu ya kodi, vitabu vya shule, mipaka ya nchi, na watu wa mji mkuu wanaotuona sisi kama vumbi la barabarani. Tangu msimu uanze alikuwa anaongea juu ya bwawa la kuogelea.

Shida yangu haikuwa kwamba baba alikosea. Nilikubaliana naye karibu kila neno. Wasichana walipewa mashindano yao kwa sababu miili si sawa, na atakayesema ni sawa hajawahi kujaribu kumfukuza mvulana ndani ya maji. Niliamini jambo hilo kabla baba hajaanza kulisema redioni. Shida ni kwamba alilisema kwa jina langu. Nikienda dukani kununua maziwa, mzee wa watu ananishika bega: "Binti wa Dale, tuko nyuma yako." Shuleni, mwalimu wa historia akaacha kunitazama usoni. Kocha Wendt, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza kama changarawe, akaniambia nikifungua mdomo mbele ya mwandishi wa habari nitamaliza msimu nikikunja mataulo. Nikinyamaza, mimi ni mwoga. Nikisema, mimi ni kasuku wa baba yangu. Hapakuwa na mlango wa tatu.

Halafu wiki ya fainali baba akapata wazo.

"Wasichana," alisema redioni, na mimi nilikuwa jikoni napaka siagi kwenye mkate, "hakuna mtu anayeweza kuwalazimisha kupanda kile kijukwaa. Filimbi ikilia, msipande. Simameni tu. Dunia nzima ione njia tupu, moja baada ya nyingine."

Msipande. Siku mbili baadaye neno hilo lilikuwa limebandikwa kwenye vioo vya magari mji mzima.

Ila baba ni mtu wa mpira wa Kimarekani. Alicheza ujanani, anaujua mpaka usingizini. Kuogelea alikujulia kwangu tu, na kila mara alikuwa juu jukwaani, mbali na maji. Hakujua kwamba kwenye fainali njia haiachwi tupu. Alisahau kuna mtu wa akiba. Wala mimi sikufikiri ingekuwa mimi, mpaka mchujo ulipoisha na Kocha Wendt akanitupia kofia na kusema, "Wewe ni wa tisa. Kavae."

Nilipanda ngazi za jukwaa mbiombio, miguu mitupu. Baba alikuwa safu ya juu, amevaa vidude vya masikioni, akitangaza kwa simu hadi Harlan Gap.

"Baba, kuna kitu hukukifikiria."

Aliinua kidole. "Niko hewani, mwanangu."

"Mtu asipopanda, mimi ndiye ninayeitwa."

Alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akatabasamu vile anavyotabasamu kwa mdhamini wa kipindi. "Hakuna atakayekuita popote. Wasichana wote watasimama chini. Kaa karibu na Callie, mtatoka vizuri kwenye picha." Akaondoa kiganja. "Naam, wasikilizaji, mliyemsikia ni binti yangu mwenyewe."

Kwenye chumba cha kusubiri walikuwa wanane kwenye viti vya plastiki, na mimi wa tisa nimesimama mlangoni kwa sababu wa akiba hana kiti. Callie aliinamia magoti yake akitafuna kamba ya miwani. Marlow alikuwa kiti cha mwisho, mrefu, mikono imekunjwa.

"Wewe ndiye binti wa yule wa redio?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Analitamka jina langu vibaya."

"Analitamka hivyo hata jina la daktari wake wa meno."

Wasichana wawili wakacheka puani. Marlow hakucheka, ila mikono ilikunjuka. "Na wewe unaamini anayoyasema?"

Chumba kizima kiliacha kujinyoosha. Nilimfikiria Kocha Wendt na mataulo yake.

"Naamini nilistahili njia ya nane," nilisema. "Sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na waliokuweka humu, halafu wakatuambia tukiuliza sisi ni wabaya."

"Mimi niliomba kuogelea tu."

"Na mimi."

Mwanamke wa shati jeupe, mmoja wa wasimamizi, akatuita.

Tukiwa tunatoka nilimshika Callie kiwiko. "Wewe unapanda, si ndiyo? Yale maneno ya baba ni ya redio."

"Mama ametengeneza bango," alisema bila kunitazama. "Bibi yangu amekuja na kiti chake cha magurudumu."

"Callie, mimi ni wa akiba."

"Najua wewe ni nani, Maren. Niache."

Tukatoka kwenye mwanga na harufu ya klorini. Jukwaa lilikuwa limegawanyika katikati kana kwamba kuna harusi ambayo familia mbili haziitaki. Upande mmoja mabango ya Msipande. Upande mwingine vijana wa pwani wakiimba jina la Marlow, na mmoja wao akapaza sauti, "Ostrander, baba yako amekutafutia kazi?" Watu wake wakamcheka. Mle jukwaani, mahali fulani, alikuwepo kocha wa chuo aliyeniandikia mwaka mzima kwamba atanitazama fainali. Huyo hatazami wa tisa. Huu ulikuwa mwaka wangu wa mwisho.

Filimbi ndefu ikalia.

Marlow alipanda. Msichana wa njia ya tano akapanda, wa tatu akapanda, wa sita akasitasita kisha akapanda. Walipanda wote saba, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameamka kabla ya jua kwa miaka mingi kwa ajili ya dakika hii, na hakuna redio inayoweza kuinunua. Callie peke yake alirudi hatua moja nyuma. Akavua kofia, nywele zikamwangukia, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji karibu na miguu yangu.

Upande wa mabango ukasimama. Ule wa pili ukazomea.

Mwamuzi alisubiri kidogo, akamtazama Callie, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafanya kazi yake. "Wa akiba. Njia ya nane."

"Usipande," Callie alisema chini kwa chini. "Maren, tafadhali. Ukipanda, mimi nitakuwa nimekaa chini bure."

"Panda," alisema Kocha Wendt nyuma ya kamba.

Nilitazama juu kumtafuta baba. Alikuwa amesimama, kipaza sauti kiko mdomoni, na mdomo uko wazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona baba yuko hewani na hasemi kitu. Alikuwa ameelewa. Angeweza kutikisa kichwa. Angeweza kunyoosha mkono. Hakufanya lolote, akaniachia mimi neno lake nilibebe.

Nikikataa, ni binti wa Dale. Nikipanda, ni msaliti wa Dale. Nilitafuta ndani ya vyote viwili mahali palipokuwa na mimi, na nilichokiona ni maji tu, bapa, ya buluu, na mstari mweusi chini yake. Ile ilikuwa njia niliyosema kila siku kwamba nimenyang'anywa.

Nilipanda.

Niliogelea vizuri. Sitasema zaidi, kwa sababu kila mtu alisema zaidi. Nilimaliza wa sita, muda wangu bora kuliko wote niliowahi kupata. Marlow alikuwa wa kwanza kwa urefu wa mwili mzima, na nilipoona pengo lile kwenye ubao niliamini kile kile nilichokiamini asubuhi, wala hakikupungua hata kidogo. Nilipogeuka, mahali pa Callie palikuwa na maji tu sakafuni.

Njiani kurudi baba aliendesha bila kuwasha redio. Tulipopita maghala ya kwanza ya ngano alisema, "Jumatatu watapiga simu."

"Najua."

"Tunaweza kusema Wendt alikulazimisha. Alisema panda, nilimwona mdomo."

"Hakunilazimisha."

"Maren, nakutafutia mlango."

"Huo ni mlango wako, baba. Mimi hautanitosha."

Alikaza mikono kwenye usukani. "Ningejua kuna mtu wa akiba..."

"Ungefanya nini?"

Alikanyaga mafuta mpaka nyumbani.

Jumatatu alinipeleka studio kabla ya shule. Hakunilazimisha na yeye, sitamsingizia. Nilikwenda kwa sababu nisingekwenda wangenisema nikiwa sipo. Bei za ngano zikasomwa. Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Callie.

"Dale, sitaki kuongea na wewe," alisema. "Nampa binti yako. Maren, unanisikia?"

"Nakusikia, Mama Callie."

"Umekula kwangu tangu hujui kushika kijiko. Mwanangu alikaa chini kwa ajili yako. Wewe ukapita juu yake."

Baba alinitazama. Vidole vyake vilikuwa juu ya kitufe cha kukata simu, na nilijua kwamba ningetikisa kichwa tu, angekata. Sikutikisa.

"Callie alikaa chini kwa ajili ya haki," nilisema. "Na mimi nilipanda kwa sababu njia moja ya fainali ile ilikuwa haki yangu tangu mchujo. Ya Callie pia ilikuwa haki yake. Tulitakiwa tuwemo majini wote wawili. Tukaambiwa mmoja wetu akae sakafuni ili mambo yaonekane vizuri."

"Nani aliyewaambia?"

Studio ya baba ni chumba kidogo, kuta zimefunikwa sifongo, na ukinyamaza mle ndani unasikia damu yako masikioni. Kwenye redio kimya ni kifo, ndivyo alivyonifundisha. Alikiacha kikae. Kisha akavuta kipaza sauti karibu.

"Mimi," alisema. "Mimi niliwaambia, Joyce."

Mama Callie alipumua kwa nguvu kwenye simu. "Basi mwite Callie umwambie hivyo. Amejifungia chumbani tangu Jumamosi, hataki hata chakula."

"Nitakuja mwenyewe kipindi kikiisha."

"Usije na kipaza sauti."

"Siji nacho."

Simu ikakatika. Baba alifumba macho kidogo, kisha akafumbua na kutazama mashine yake. Wapigaji walikuwa wamejaa, kila taa inamemeteka. Nilishika mkoba wangu niende shule.

"Kaa," alisema taratibu, akiwa amefunika kipaza sauti. "Wote wanakutaka wewe."

Nikakaa. Akabonyeza taa ya pili.