Mguu Mrefu wa Baltazar

Baltazar wa Gitting alikuwa mrefu wa kugonga kizingiti cha kila mlango, na aliamini Mungu alimpa urefu ule kwa ajili ya pikipiki. Si hizi za bodaboda, la. Yake ilikuwa lile dude kubwa alilouziwa mradi wa visima ulipofungwa, zaidi ya kilo mia mbili kabla hujaweka mafuta. Akikalia kiti, nyayo zake zote mbili zinakanyaga chini bapa. Vijana wakimuuliza siri ya kuliendesha, anawaonyesha miguu.

"Ufundi ni wa watu wafupi," alikuwa anasema. "Mrefu hahitaji ufundi."

Mkewe Rogathe alikuwa mfupi, tena mfupi wa kweli. Miaka miwili nyuma aliwahi kumwomba mumewe amfundishe. Baltazar alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Hilda, utasimamaje? Utaazima ngazi kwa jirani?" Rogathe akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe. Baltazar akajua yameisha. Wanaume bwana, mwanamke akinyamaza wanadhani amekubali.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu, mvua zikiwa zimeshika, walitoka wawili kwenda Haydom kumwona Agatha, mdogo wake Rogathe, aliyekuwa amejifungua. Upande wa Dirma njia ilikuwa udongo mweusi mtupu, ule unaong'ang'ania tairi kama ugali mbichi. Kwenye mteremko mmoja maji yalikuwa yamekata barabara. Baltazar akasimama aangalie pa kupita, akashusha mguu wa kulia kama kawaida yake. Lakini kulia ndiko kulikokuwa na bonde. Mguu ukazama kwenye tope, pikipiki ikaanza kulala.

"Iache," Rogathe akasema, naye ameshajirusha pembeni. "Baba Hilda, iache ianguke."

Aiache vipi, mtu ambaye miaka yote ameizuia kwa miguu? Akakaza goti, akataka kubeba kilo zote zile kwa mguu mmoja. Wakasikia wote wawili mfupa ulivyolia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema wahenga, na siku ile mkuu alikuwa amevaa kitenge.

Rogathe alimvuta kutoka chini ya chuma, akamvua kiatu. Wayo ulikuwa umegeukia pembeni, nao ulikuwa umeanza kupoa na kupauka. Aliwahi kufanya usafi zahanati, akajua maana yake: damu haipiti. Mguu usiopata damu hausubiri mtu. Mtandao bondeni hakuna, na basi la Haydom walikuwa wameliacha nyuma limelala kwenye matope tangu jana yake. Baltazar alimwona mkewe akiutazama mguu, naye akaelewa. Aliogopa, hatutaficha. Alijiona amekaa kwenye kigoda mlangoni mpaka uzee, watu wengine wakimlimia shamba.

"Nenda ukatafute wanaume waje kuinua pikipiki," akasema.

"Wanaume wa wapi?"

Rogathe akazima ufunguo, akaingiza gia, akaishusha stendi ikiwa bado imelala. Kisha akafanya jambo ambalo Baltazar hakuwahi kuliona. Akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa, makalio yameegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria. Akaanza kurudi kinyumenyume kwa hatua ndogondogo, akisukuma kwa mapaja. Dude likainuka polepole, likaegemea stendi yake. Baltazar akasahau maumivu kwa muda.

Alimfunga mguu kwa fimbo mbili na kitenge, akautia kwenye kitanzi cha mtandio kilichoning'inia begani kwa mumewe. Akamtegemeza kwenye ukingo wa barabara mpaka akakaa nyuma. Yeye akapanda mbele, akawasha.

"Nani alikufundisha?" Baltazar akauliza.

"Mzee Theodory. Sasa nyamaza, nishike kiunoni. Na mguu wako mzima usishushe hata iweje. Ukishusha unatuangusha."

Mzee Theodory ndiye fundi wao wa pale Gitting. Baltazar alimeza hilo jina kama dawa chungu.

Rogathe akachagua pembeni palipokuwa na maji kidogo, wakavuka, wakaenda. Kila dude lilipoyumba, mguu wa kushoto wa Baltazar ulitaka kushuka wenyewe, na kila mara alilazimika kuuzuia kwa sala. Mbele wakakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima, na kando pameinama vibaya. Hapa ndipo tunapoishia, akasema moyoni. Lakini Rogathe alikuwa ameshawaona ng'ombe kutoka mbali. Alipunguza mwendo taratibu, akachagua kichuguu kidogo upande wa kushoto, akateleza nusu ya kiti, akakanyaga juu ya kichuguu kwa mguu mmoja, wa kulia ukabaki kwenye breki. Wakasimama wima kabisa. Ng'ombe wakapita wote, na ndama wao.

Baltazar alikaa nyuma pale kama gunia la vitunguu swaumu, akijifunza. Yeye miaka yote alisimama popote, kwa sababu miguu ilifika popote. Hakuwahi kuitazama ardhi kabla ya kusimama. Mkewe aliitazama kila hatua.

Kabla ya saa tisa walikuwa hospitalini. Daktari aliunyoosha wayo ukarudi mahali pake, na baada ya dakika chache vidole vikaanza kupata rangi na kuwaka moto. Baltazar hajawahi kufurahia maumivu vile.

"Mngefika jioni tungekuwa tunaongea habari nyingine," daktari akasema. "Aliyekuleta mshukuru sana."

Alimshukuru, ndiyo, lakini kuna kipande moyoni kilichobaki kimenuna. Siku tatu alizolala wodini alilipigia hesabu lile jambo. Mkewe alijifunza kwa siri. Alijifunza ili siku moja amwaibishe kwa yale aliyomcheka. Akaamua kwamba kwa kuwa amemwokolea mguu, atamsamehe. Ndivyo alivyokuwa mkarimu.

Siku ya nne akaja Mzee Theodory kumjulia hali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mguu?"

"Upo, namshukuru Mungu. Kumbe ndiyo maana sevisi ya pikipiki yangu ilikuwa inachukua siku mbili."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Siku moja ya sevisi, moja ya mama. Wiki ya kwanza sikumruhusu hata kuwasha. Nilimfundisha kuiangusha na kuiinua tu. Yeye mwenyewe ndiye alitaka hivyo."

"Ili anionyeshe."

"Nami nilidhani hivyo. Nikamuuliza, mama, unataka kumwonyesha nini mumeo? Akasema, simwonyeshi kitu. Baba Hilda anaendesha vizuri, ila anapita njia mbaya peke yake, na ile pikipiki hakuna mtu kijijini anayeweza kuiinua. Siku akianguka, nani atamleta nyumbani?"

Baltazar akageukia ukutani. Ule msamaha wake aliouandaa siku tatu ukamtia aibu, na machozi yakamtoka mbele ya wodi nzima, naye hakuyafuta.

Rogathe akaingia na chupa ya uji. Akamtazama mzee, akamtazama mumewe, akaweka chupa chini.

"Mguu umeanza tena?"

"Hapana," Baltazar akasema. "Keti hapa, Mama Hilda. Nakuomba uketi, nikushukuru vizuri. Ile shukrani ya juzi nilikosea, niliitoa moyo umenuna."