Mikono ya Kulia Mitupu

Wiki ya tatu hiyo tangu Dada Uzi apewe usimamizi wa karakana ya kushona sare, na bado hakuna aliyemwambia neno la kweli. Jina hilo la utani alilipata kwa wembamba wake, enzi zile anakaa kwenye cherehani na wenzake wanamtania kutwa nzima. Siku hizi akipita kuuliza kazi inaendaje, jibu ni lile lile: inakwenda vizuri, bosi. Bosi! Yeye waliyekuwa wakimnyang'anya chai kikombeni. Alishamwambia mumewe kwamba hali ikibaki hivi mpaka mwisho wa mwezi, anarudi kwenye cherehani yake, cheo wampe mwingine.

Na watu wenyewe anawapenda, hilo halina ubishi. Babu, mkataji wao, ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Kwa hiyo Jumanne ile alipomwona mzee amejishika kiuno, roho haikumpa. "Kaa, Babu," alisema. "Leo natandika mimi."

Sasa, kutandika kitambaa kunataka akili itulie. Kile cha mashati ya wauguzi kina uso unaong'aa na mgongo mkavu. Tabaka moja likitazama juu, linalofuata litazame chini, ili kisu kikipita mara moja kitoe mkono wa shati wa kulia na wa kushoto. Dada Uzi, kwa hamu ya kuonekana bado ni mwenzao, alitandika yote yakitazama juu. Babu akainuka, akawasha mashine ya kukatia, akakata, akarudi kukaa.

Ni mchana, Dada Uzi alipokuwa akifunga vipande mafungu mafungu, ndipo alipoona kosa lake. Mikono mia na ishirini, na mashati yanatakiwa Ijumaa.

"Babu, hii yote ni ya kulia."

"Ndiyo."

"Uliona?"

"Niliona tangu unatandika, mwanangu."

"Na ukakata."

"Nikakata." Mzee alitazama viatu vyake. "Yule aliyekutangulia nilimwambia siku moja kwamba kakosea kipimo. Nilifagia ua miezi miwili. Nikasema huyu naye sasa ni bosi, nisije nikamuudhi."

Iliuma, tena sana. Si kwa sababu ya kitambaa. Aliumia kwamba mtu aliyemlea kikazi anamwogopa, na alitamani alie pale pale.

Badala yake akampigia mwenye karakana. Simu ya Dada Uzi ilikuwa na ugonjwa wake: husikii kitu mpaka uweke sauti ya juu, na chumba kizima kinasikia nawe. Siku zote akipigiwa hukimbilia uani. Safari hii alibaki hapo hapo, kando ya meza ya kukatia.

"Nani kaharibu?" sauti iliuliza baada ya kusikia habari ya mikono.

"Mimi."

"Wewe hukati. Anayekata ni yule mzee. Si nilisema macho yake yamechoka? Niambie ni yeye, tumpumzishe, yaishe."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Kukubali kulikuwa rahisi mno, na kisu kweli kilikuwa mkononi mwa Babu.

"Macho yake ni mazima kuliko yangu," alisema. "Mzee alikata nilichomtandikia. Kama kuna wa kupumzishwa, ni mimi."

Kwenye simu zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Stoo kuna jora moja la kitambaa hicho," sauti ikasema mwishowe. "Ijumaa nataka mashati yangu. Na wewe, usiiguse tena hiyo meza."

"Siigusi."

Hakuna aliyempigia makofi, msije mkadhani. Babu alikwenda stoo na kiuno chake kibovu, akarudi na jora begani, akalibwaga mezani. "Dada Uzi," alisema kwa ukali, "hata kukunja ulikunja ovyo. Nani alikufundisha? Sogea hapa uone." Akasogea, akasemwa kama mwanafunzi, na moyoni alikuwa na furaha ambayo hakuipata hata siku ya kupewa cheo.

Wakiwa katika tabaka la nne, Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni matundu ya vifungo tu, alikuja akiburuta mfuko mkubwa.

"Mashati kumi na moja," alisema bila kumtazama usoni. "Ya kike, nimetoboa upande wa kiume. Yako chini ya mashine yangu tangu mwezi uliopita."

Dada Uzi alifungua mdomo amjibu, lakini nyuma ya Mama Vifungo foleni ilikuwa imeshaanza. Aliyefuata alikuwa mpiga pasi, ameficha mgongoni kitu kinachonuka kuungua.