Ukuta Usinywe Maji

Kutoka mlangoni mwa kibanda chake, Ngendo aliiona nyumba yake ng'ambo ya bonde ikiwa kichwa wazi, kama mtu mzima aliyenyang'anywa kofia mbele ya watu. Mabati yalikuwa yameng'olewa tangu wiki ile watu walipohamishwa, yakapelekwa kuezeka kituo cha homugadi, wale walinzi wa kijiji waliopewa bunduki na serikali ya mkoloni. Zilizobaki zilikuwa kuta nne za mawe ya kuchonga, za kijivu, na tundu mbili za madirisha zilizotazama upande wa Thika kana kwamba zilikuwa zikimsubiri mtu ateremke kutoka barabarani.

Mwaka huo wa hamsini na tano, wakati wa hali ya hatari, watu wote wa vigongo vile, miinuko ya juu ya mto Chania, walikuwa wamesongwa ndani ya kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kutoka kulikuwa kwa ruhusa, na kurudi kwa filimbi. Bonde lililotenganisha kijiji na mashamba ya zamani lilipigwa marufuku. Aliyeonekana humo hakuulizwa jina.

Nyumba ile Muigai, mume wa Ngendo, aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa mchonga mawe kwenye machimbo ya karibu na Thika, na kila Jumamosi alirudi na mawe machache kwenye mkokoteni wa punda wa rafiki yake, yale yenye kovu au pembe iliyovunjika, ambayo msimamizi aliyakataa. Aliyapanga safu mbili, ya nje na ya ndani, na katikati akashindilia udongo mwekundu, kwa sababu simiti haikutosha. Simiti kidogo aliyoipata aliitumia kuziba viungo kwa nje, mstari mwembamba, safi, kama wanja. Chokaa angepaka mwishoni, alisema, pesa zikipatikana. Ukipitisha kiganja juu ya jiwe lolote ungehisi alama za tindo, mkato kando ya mkato, zote zimelalia upande mmoja, kwa kuwa Muigai alitumia mkono wa kushoto.

Siku ya msako wa askari alichukuliwa akiwa bado na vumbi la mawe kwenye nyusi. Hakusema kwaheri. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya lori, aligeuka akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi, "Ngendo, ukuta usinywe maji." Basi. Mlango wa lori ukafungwa. Tangu siku hiyo hakuna neno jingine lililomfikia kutoka kwake, wala hakuna aliyejua amewekwa kambi gani. Ngendo alibaki na hayo maneno tu. Aliyashika kama agizo, na moyoni akajiwekea kwamba nyumba ikisimama, Muigai atarudi akute amengojewa.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya upande wa Gatuanyaga, alikwenda kwa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, mzee Simeon, wa ukoo mmoja na mumewe. Siku ya mahari yake mzee huyo ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa bwana harusi.

"Baba, naomba siku moja tu. Nikaikandike nyumba kabla ya mvua."

Simeon alivuta koti lake kuukuu la kijeshi likafunika magoti. "Nyumba haina paa, haina mtu. Unamkandikia nani? Panya?"

"Mwenyewe."

Mzee alitazama pembeni. 

"Nusu siku. Homugadi Kagwe atakwenda nawe na bunduki yake. Na filimbi ikilia, hata kama umeshika donge la udongo mkononi, liache hapo hapo."

Kwao kukandika ilikuwa kazi ya wanawake, na Ngendo alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Alijifunza kwa mama yake: udongo mwekundu, kinyesi cha ng'ombe kibichi, na jivu lililochekechwa mpaka likawa laini kama unga. Unachanganya kwa miguu, unaacha upumue, kisha unausukuma ukutani kwa kisigino cha kiganja, kutoka chini kwenda juu, usiache hata ufa wa kuingia mdudu. Alifuatana na mama mkwe wake, Wakonyo, mjane mwembamba mwenye ulimi mwepesi, ambaye mpaka mwaka huo wa tatu wa ndoa alikuwa bado akimwita "bibi harusi".

Waliuchagua ukuta wa mashariki, kwa kuwa mvua ya masika huja kutoka huko. Kagwe, kijana wa homugadi, aliketi juu ya jiwe akiwatazama.

"Nyumba haina paa, nanyi mnaipaka poda!" akasema, akacheka peke yake.

"Na wewe umevaa kofia," Wakonyo akamjibu bila kugeuka, "lakini chini yake kuna nini?"

Kagwe alijaribu kukunja uso akashindwa. Alicheka tena, safari hii kwa aibu.

Filimbi ilipolia, ukuta wa mashariki ulikuwa umelainika kama ubavu wa chungu. Ngendo alirudi kijijini na udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko, na usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu siku ya lori.

Mvua ikaja. Haikuwa mvua ya vitisho. Ilikuwa ile ya kunyesha asubuhi, ikapumzika, ikaendelea, kama mfanyakazi anayejua kibarua chake ni kirefu. Ngendo alikuwa amehofia kwamba ingeyaondoa matope yake. Haikuyaondoa. Yalivimba. Kila alipochungulia mlangoni aliuona ukuta wa mashariki ukitoka tumbo, kwanza kidogo, kisha wazi kabisa, na asubuhi moja kipande kizima kikabanduka kikaanguka, na simiti ya viungo ikaanguka nacho, na mawe nayo yakaifuata.

Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko kutojua. Nyumba zote alizowahi kukandika zilikuwa na nyasi zilizoteremka mpaka mabegani mwa ukuta. Juu ya ukuta hakukuwahi kumhusu. Kulikuwa na paa. Lakini ukuta usio na paa haunywi kwa uso. Unanywa kwa juu, pale safu mbili za mawe zinapoachana, maji yakaingia moja kwa moja kwenye udongo wa katikati na kuulainisha kidogo kidogo. Na yeye, kwa ule ustadi wake, alikuwa ameziba kila ufa ambao ukuta ungetolea jasho. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Alivitazama viganja vyake muda mrefu, kama mtu anayekagua vyombo alivyoazima.

Akarudi kwa Simeon.

"Baba, nilikosea. Nilikandika usoni. Sasa nataka juu, kichwani mwa ukuta. Nikiweka udongo wa mfinyanzi na kulaza majani, maji yatateremkia nje. Kuta tatu bado zinasimama."

"Ukuta nao una kichwa?" alisema Simeon, lakini hakukuwa na mzaha katika sauti yake. Alimwonyesha kigoda aketi. "Sikiliza, mwanangu. Ile nusu siku niliulizwa juu yake. Kwa Kizungu. Nikasimama mbele ya mtu ambaye ningeweza kumzaa, kofia mkononi, kama mtoto wa shule aliyechelewa. Bonde limefungwa. Mimi mwenyewe, ng'ombe wangu wako upande ule, na siruhusiwi kwenda kuwatazama."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Ningekuwa najua la kufanya ningekuwa nimelifanya."

Ngendo alikuwa amekwenda na hasira aliyoiandaa njia nzima. Aliitafuta sasa ili amtupie mzee yule, lakini hakuiona. Aliona tu vifungo vya koti vilivyong'oka. Aliondoka hana ruhusa, na hana hata mtu wa kumchukia.

Siku zikafuatana. Asubuhi wanawake waliamshwa kwenda kuchimba handaki, wakisimama ndani ya maji ya udongo mpaka kwenye vigimbi vya miguu, na mvua ikijaza walipochimba ili kesho wachimbe tena. Ngendo aliacha kutazama ng'ambo. Aliona kwamba akitazama, mikono yake hukataa kazi, na mtu akikataa kazi, watu wake wote huadhibiwa. Akaazima macho ya mama mkwe.

"Ukuta upo?" angeuliza alfajiri, akijifunga shuka, kichwa kikitazama chini.

"Upo," Wakonyo angejibu kutoka mlangoni.

Wakati mwingine, wakiwa handakini, mshindo mzito ulisikika kutoka ng'ambo ya bonde, na majembe yote yakasimama.

"Radi," Wakonyo angesema upesi. "Haya, chimbeni."

Na Ngendo angechimba. Alijua radi inavyolia. Lakini jioni angeuliza tena, na akijibiwa, aliliweka jibu pale pale penye yale maneno ya Muigai, asilichunguze.

Masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, kituo cha homugadi kilihitaji majani ya kuezekea jiko. Majani marefu yalikuwa yamebaki ng'ambo tu, kwenye mashamba yaliyotelekezwa. Wanawake wakatolewa chini ya ulinzi, kila mmoja na kamba yake na panga, na amri ikasomwa: kila mtu mzigo mmoja uliojaa, atakayerudi mikono mitupu hatatoka tena kwenda kuchimba viazi shambani mpaka atakapoambiwa. Kwa wengi wao viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chenyewe.

Kagwe aliwaongoza Ngendo na Wakonyo kwenye kile kigongo chao. Walikata majani wakiwa wameupa uwanja wa nyumba yao mgongo. Kila mmoja alipokwisha kufunga mzigo wake, Ngendo akainuka, akazunguka mparachichi mkubwa wa mpakani mwa shamba, akaona.

Mashariki kulikuwa na rundo. Kaskazini kulikuwa na rundo, limeanza kuota mbigili. Kusini palibaki mawe ya msingi tu, yamekaa kwenye mstari kama meno ya chini. Ukuta wa magharibi peke yake ndio uliokuwa umesimama, na dirisha lake moja, na huo nao umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza.

Wakonyo akamfikia.

"Mama, ulikuwa ukiniambia upo."

"Nilisema upo," alisema Wakonyo. "Sikusema zote."

"Kwa nini?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungevuka handaki?"

"Nisingeweza kuvuka."

"Basi." Kikongwe alifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mimi ndiye niliyemzaa Muigai, bibi harusi. Kila siku nilitafuta kipande cha kukwambia. Namshukuru Mungu hakuniacha nikose kabisa."

Mvua ikawakuta hapo hapo, ya upepo, ya kulalia upande mmoja. Wakaburuta mizigo yao wakajibanza nyuma ya ukuta wa magharibi, migongo imegusa mawe. Kagwe alisimama kwenye mvua kwa muda, akilinda heshima yake, kisha naye akaja akajibanza kando yao. Aliigeuza bunduki mdomo chini ili isiingie maji. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu paa ling'olewe, nyumba ile kumkinga mtu.

Kagwe alipapasa jiwe kwa vidole. "Kazi nzuri," alisema. Wakonyo akamkazia macho. Akaongeza, kama anayejitetea, "Nasema tu. Ni kazi nzuri."

Ngendo alihisi kitu cha baridi kikimteremka shingoni, kikapita kati ya mabega. Akapeleka mkono, ukarudi mwekundu. Aliinua macho. Kule juu, kati ya safu mbili za mawe, udongo ulikuwa ukitoka taratibu, laini kama uji unaochemkia pembeni mwa sufuria, na nyuma ya mgongo wake jiwe moja likasogea kiasi cha unene wa ukucha.

Akafungua kamba ya mzigo wake.

"We, we!" Kagwe akashtuka. "Hayo majani ni ya kituo."

"Na kituo kina mabati yangu."

Alipanda juu ya mawe yaliyoanguka, akaegemeza kifua ukutani, akaanza kulaza majani kichwani mwa ukuta, mashina ndani, ncha zikining'inia nje ili maji yadondoke mbali. Aliyakandamiza kwa vipande vya mawe. Mvua ilimpiga usoni akawa anafanya kazi kwa kupapasa. Majani yalikuwa ya mzigo mmoja, na ukuta ulikuwa wa chumba kizima. Alipofunika huku, kule kulibaki wazi. Aliyasogeza kule, na huku kukafunuka.

Kagwe akageuka kutazama bondeni, asije mtu akawaona.

"Bibi harusi."

Ngendo aliinama. Wakonyo alikuwa amekaa chini kwenye tope, mzigo wake mwenyewe umefunguliwa mapajani, akitenga majani yaliyonyooka na yaliyovunjika. Alinyoosha mkono juu na konzi la kwanza.

"Shika. Anza na pembeni."

Akashika. Akalaza, akakandamiza, akateremsha mkono tena, na mkono wa chini ulikuwa umeshafika na konzi jingine. Maji yalikimbia juu ya majani mpaka mwisho wake, yakakusanyika ukingoni, yakatulia hapo kidogo kana kwamba yanafikiri, kisha yakaingia ukutani, pale majani yasipofika.