Pipa la Posa

Mume wangu Rwegasira alipenda sifa, na sifa zilimponza. Mwaka ule kahawa ilipanda bei, akaona aibu kupeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya posa kwa vibuyu kama wenzake. Akanunua pipa la petroli, tukalisugua kwa majivu siku mbili. Akalijaza pombe iliyokuwa bado inachacha, kisha akakaza kizibo cha chuma kwa spana. Nilimwambia kibuyu huzibwa kwa jani la mgomba ili pombe ipumue. Akanijibu kwamba mambo ya vibuyu ni ya mama yangu.

Tulitoka Kagondo asubuhi kwa lori la Yunus kwenda Muleba, kumposea mwanetu Karugendo binti wa Ndyamukama. Mimi na mume wangu tulikaa nyuma na pipa. Jua lilipopanda, pipa likaanza kulia: ko! Kisha tena: ko! Uso wake wa juu, uliokuwa bapa, ulikuwa umetuna. Nikaugusa, ukaniunguza. Niliogopa.

Nikagonga paa la chumba cha dereva. Yunus akasimamisha lori, akaja, akatazama mara moja tu, akarudi nyuma hatua kumi.

"Mzee, teremka! Pombe inatoa hewa, na jua linaizidishia hewa hiyo nguvu. Haina pa kwenda. Chuma kikishindwa, tumekwisha."

"Basi fungua," nikamwambia mume wangu.

"Pombe ya wakwe haifunguliwi njiani. Watasema tumeionja, tumewadharau."

Akakaa juu ya pipa, spana mapajani, eti analituliza. Ko! likajibu chini yake. Jasho lilimtiririka, lakini hakushuka.

Basi nami nikakaa kando yake, nikamsihi. "Waitu, Baba Karugendo, tutakufa wawili. Mwanao atatuzika kabla hajaoa."

Akanitazama, akanipa spana.

Yunus akatukataza kufungua pipa likiwa la moto. Tukachota maji mtoni, tukalimwagia, tukalifunika majani mabichi ya migomba mpaka kelele zikapungua. Ndipo nikalegeza kizibo kidogo, kidogo sana. Hewa ikatoka kwa mlio wa kutisha. Nikaendelea kulegeza. Povu likanirukia usoni, nikalia kwa sauti.

Tulipofika Muleba, Ndyamukama alilitazama pipa, akaona kizibo kimelegea.

"Nani amefungua?"

Rwegasira angeweza kudanganya. Akainamisha kichwa. "Mke wangu. Mimi nilikuwa tayari tufe."

Mke wa Ndyamukama, Immakulata, akanitazama mimi, si mume wangu.

"Na huyo kijana wenu, mama, amemfuata nani? Wewe au baba yake?"

Nilifungua mdomo ili niseme amenifuata mimi. Binti yao alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, akisubiri kutusalimu. Nikamwangalia, nikamfikiria Karugendo anavyopenda sifa, nikaogopa kuliko nilivyoogopa barabarani, na jibu sikulitoa.