Bibi Seo Asinywe Sumu

Mama yangu hakupenda tamthilia za wafalme zinazoisha vizuri. Alisema ni uongo wa mchana kweupe. "Mfalme kaua nusu ya ukoo," alikuwa akisema, "halafu mwishoni kapanda farasi na mpenzi wake, wanacheka. Wanacheka nini? Farasi kawasimulia kichekesho?" Zinazoisha vibaya nazo hazikupona mdomoni mwake. Theluji ilimuudhi, kwamba kila anayekufa lazima ianguke, hata kama jana yake watu walikuwa wanakula tikiti maji kivulini. Kuna jenerali mmoja alipigwa mishale sita akaongea robo saa nzima, na mama akamfokea, "Kufa basi, baba, wenzio tuna vyombo vya kuosha!" Lakini alilia. Zile za huzuni alizililia zote, kisha akajifuta uso na kusema hiyo sasa ndiyo tamthilia.

Mimi sina subira hiyo. Nina mgahawa wa tambi sokoni Daegu, hapa Korea, na mtu anayeshinda anakata unga hana muda wa kulilia malkia. Jina langu Malsun. Kwetu hilo hupewa binti ambaye wazazi wanaomba awe wa mwisho wa kike, na kweli aliyenifuata ni Dong-sik, mwana wa kiume. Nimemfuta makamasi yule, nimembeba mgongoni, lakini tangu baba afariki neno la nyumba ni lake.

Kwa hiyo mama alipolazwa mwanzoni mwa kiangazi, daktari alimwita Dong-sik kando, si mimi. Dong-sik alirudi akanivuta hadi kwenye ngazi. Saratani ya tumbo, akasema, imeshatapakaa, hakuna cha kukata.

"Mama asijue, dada. Tutamwambia ni vidonda vya tumbo."

"Na akiuliza?"

"Vidonda, dada! Unataka kumuua kwa mdomo wako?"

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mzee haambiwi. Anayemwambia hubeba lawama mpaka kaburini, na binti ndiye anayebeba kubwa zaidi. Nikakubali. Nikajifunza kuingia wodini nikicheka kama chizi, nikamwambia mama amenenepa mashavu, na yale mashavu yalikuwa yanaliwa ndani kwa ndani mbele ya macho yangu.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na televisheni moja. Jumamosi na Jumapili, sinia za chakula cha jioni zikishatolewa, wote waligeukia ile tamthilia ya Bibi Seo. Bibi Seo ni suria wa mfalme, na alisingiziwa uchawi, na kila mtu aliyesoma shule anajua kuwa yule suria alipelekewa bakuli la sumu kwa amri ya mfalme. Mama alimfuata tangu kipindi cha kwanza. Kitanda cha pili alilala Mama wa Uiseong, tuliyemwita kwa jina la kwao, mwenye nyonga iliyovunjika, na wawili hao walibishana kama wachuuzi.

"Ataokolewa," alisema Mama wa Uiseong. "Yule nahodha wa walinzi anampenda, macho huyaoni?"

"Nahodha gani? Ndevu zenyewe za gundi, zinabanduka akila. Seo atakunywa. Imeandikwa."

"Una roho mbaya wewe."

"Mimi nina roho ya historia," akasema mama, na wodi nzima ikacheka.

Mwisho wa kiangazi alianza kukataa uji. Nilimpikia wa wali na ufuta, wa malenge, wa kome, akafunga mdomo kama mtoto. Siku moja mjukuu wake alikuja kumuaga, anakwenda jeshini, akataka kupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso kama inavyompasa. Mama akamkemea vikali. "Ondoka hapo! Aliyelala haangukiwi, mimi si maiti!" Kijana akainuka, uso umemwiva. Alipoondoka nikashika kijiko tena. Mama akakitazama, akaitazama televisheni iliyozimwa, akasema taratibu:

"Acha tu, Malsun. Mimi na Bibi Seo tutaondoka pamoja."

Nilielewa hivi: ameshikilia uzi mmoja tu, na uzi wenyewe ni Bibi Seo. Seo akinywa lile bakuli, mama anaachia. Seo akipona, mama atafungua mdomo, atakula, atafika majira ya kusindika kimchi, kabichi yetu ya chumvi na pilipili, labda mwaka mpya. Ucheke ukitaka. Maji yakishakufika shingoni huchagui cha kushika.

Tena nilijua jambo moja. Tamthilia zetu hazimalizwi kupigwa picha ndipo zioneshwe. Wiki hii wanapiga, wiki hii hii zinaoneshwa. Kurasa zinawafikia waigizaji asubuhi zikiwa na joto la mashine, na jioni watazamaji wanapiga kelele kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kituo cha televisheni, na mwandishi akiogopa anageuza. Watu walishafufuliwa hivyo, nimeona kwa macho yangu. Nikasema haya, na mimi nitapiga kelele.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko nilipiga simu kituoni. Binti wa mapokezi alishaifahamu sauti yangu.

"Mama, ni wewe tena?"

"Ni mimi. Bibi Seo asinywe sumu."

"Lakini mama, historia ni historia."

"Historia itamlisha mama yangu uji? Mwambie mwandishi! Kalamu si yake?"

Nilikwenda kwenye duka la kompyuta, nikakaa kati ya vijana wanaopigana vita vya kwenye skrini, nikaandika kwa kidole kimoja: TAFADHALI ASIFE. Wateja wangu wakaandika. Muuza dagaa akaandika, fundi wa majiko akaandika, mwenye duka la magodoro akaandika kwamba Seo akifa hatalipa tena ada ya televisheni. Mteja akimaliza tambi zake nilimuuliza, "Umeandika?" Asiyeandika hakuongezwa kimchi. Na usiku sikulala, nilimwomba Buddha, nikamwomba na Mungu wa kanisa la jirani, nikawaambia wote wawili kwamba sijui nani anahusika na tamthilia.

Mama naye alizidi kuisha. Wiki ile ya mwisho ya tamthilia mkono wake ulikuwa mwepesi kama kitambaa kilichoanikwa. Dong-sik alikuja na machenza na kicheko chake cha kubandika, akasema, "Vidonda vinapona, mama, daktari kasema." Mama akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Vizuri, mwanangu." Nilitoka nikaenda kulilia chooni.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Wodi nzima iliketi, Dong-sik kando ya kitanda na machenza yake, hata wauguzi wawili walisimama mlangoni. Mama aliniomba nimgeuze ubavu aone vizuri. Hakubishana na mtu. Alitazama kama mwanafunzi aliyengoja mwalimu afike kwenye swali lenyewe.

Bakuli likaletwa. Seo akalishika kwa mikono miwili, mwanawe mdogo analia nje ya lango. Akalinyanyua. Mara picha ikawa nyeupe, na maandishi yakatokea: *Miaka mitano baadaye*. Tukaona kivuko, tukaona mwanamke anauza vitumbua vya mchele, akageuka, naye ni Seo! Nahodha alibadilisha bakuli. Mtoto amekuwa kijana, anabeba kuni, wanacheka wote watatu, na farasi yupo.

Wodi ililipuka kwa shangwe. Mama wa Uiseong akapiga godoro kwa ngumi, "Nilisema! Nilisema!" Nami nilirukaruka kama mwendawazimu, nikamshika mama mabega.

"Kapona, mama! Umeona? Kapona!"

Mama alinyoosha mkono akachukua rimoti, akaizima televisheni.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi!" nikasema, na bado nilikuwa nacheka. "Nilipiga simu kila siku, mama. Soko zima liliandika. Ni mimi niliyemponya."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia sikioni, hakuyafuta. "Na kuagana kuko wapi?"

"Kuagana gani?"

"Usiku wa kuamkia sumu. Anamwita mwanawe, anamwambia maneno yake, anamwinamia mama yake. Tamthilia zote za sumu zina usiku huo. Miezi yote hii nimeungoja nione wanaanzaje." Alivuta pumzi. "Mimi sijui pa kuanzia, Malsun. Nyinyi nilishajua hamtaanza. Mnaingia humu mnacheka, mnaniambia mashavu yangu. Nikasema basi, nitamtazama Seo anavyoanza, nami nianzie hapo. Nilikwambia tutaondoka pamoja. Sasa wewe umenikatia usiku huo."

Dong-sik, aliyekuwa akimenya chenza, akasimama. "Mama, maneno gani hayo, ni vidonda tu—"

"Dong-sik, nyamaza. Uko kama yule mwandishi." Akafungua macho, akaniangalia mimi. "Malsun. Ni vidonda?"

Dong-sik alinishika mkono kwa nguvu. "Dada," akasema, "dada, usithubutu."

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimekificha hicho kilio tangu kiangazi mpaka kikanichubua koo. Nilijua nikisema, ndugu yangu hatanisamehe. Nilijua ukoo utanitaja kila sikukuu. Na nilimwona mama akiningoja vilevile alivyoingoja televisheni.

"Si vidonda, mama. Ni saratani. Hawawezi kukata."

Dong-sik aliniachia mkono, akageukia dirisha, mabega yakamtetemeka. Mama alitikisa kichwa mara moja tu, kama mtu aliyeambiwa samaki kapanda bei.

"Asante," akasema.

Hapo nikavunjika. Nilipiga magoti katikati ya vitanda nimwinamie, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mama wa Uiseong akapiga ukelele. "Wewe, we! Mtu kalala! Utamchuria!"

"Niinueni," mama akasema.

Dong-sik alikuja. Tulimwinua sote wawili, yeye upande huu na mimi huu, tukamwekea mito mgongoni, na muuguzi akamfunika magoti kwa shuka. Aliumia, niliona meno yake yakisagana, lakini aliketi. Akarekebisha kola ya gauni la hospitali kana kwamba ni hariri.

"Mara moja tu," akasema. "Mara mbili ni za marehemu. Hizo utanipa baadaye, usiwe na haraka."

Nikarudi nyuma, nikainua mikono hadi kwenye paji, nikashuka. Sakafu ilinuka dawa. Niliweka paji chini na sikuweza kulitoa. Nilijua kwamba nikiinuka kuagana kutakuwa kumeanza, na kinachoanza kina mwisho, na mwisho huo hakuna nitakayempigia simu augeuze. Nililia pale chini kwa sauti, sikujali wodi wala wauguzi. Nilimwambia mama sitaki. Nilisema sitaki, sitaki, kama mtoto aliyeachwa stendi.

"Malsun," mama akasema kutoka juu. "Inuka, mwanangu. Yule jenerali alikuwa na mishale sita akaongea robo saa. Mimi ninao mmoja, na maneno ni mengi. Tutaanza na mitungi ya mchuzi wa soya kule nyumbani, ule wa katikati una chumvi kidogo. Kaa hapa."

Niliinuka kwa sababu aliniambia. Isingekuwa hivyo ningekuwa pale sakafuni hadi leo.