Peni za Pindoni

Yvette alimaliza mapazia ya madamu wa Morningside, mtaa wa matajiri, akayatundika kwenye kamba ya nguo kuyajaribu, upepo ukayarusha mpaka juu ya bati. Eish! Kitambaa chepesi hicho! Kilitaka vizito vya risasi kwenye pindo, na vizito vimepanda bei kama kila kitu. Na lazima alipwe leo. Kesho shule inafunguliwa, na mtoto asiye na viatu vyeusi anarudishwa getini. Binti yake, Deborah, alikuwa na kandambili tu.

"Mbona umenuna hivyo?" akauliza Bi Kulthumu, mzee aliyempangisha chumba cha nyuma.

"Bibi, hii rido haina uzito, na feza ya kununua vizito haiko."

Bi Kulthumu akaingia ndani, akatoka na kopo lililojaa sarafu za zamani. "Mwaka wa sitini na moja serikali ilileta randi badala ya pauni. Baba akataka hizi zote zirudishwe benki. Mama akamwambia, una wazimu? Shilingi dukani bado wanazipokea, tumia hizo. Peni niachie, ni nzito, nitashonea mapazia."

"Akashona?"

"Wapi! Serikali ikatuhamisha kwa nguvu kutoka kwetu Bluff, madirisha yakabaki kule."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakakaa kuchagua. Visarafu vya fedha vilikuwa vidogo mno. Peni za mwaka aliozaliwa, Bi Kulthumu akazifutika kifuani.

"Hizi usiguse. Ndiyo cheti changu cha kuzaliwa. Kile cha serikali walikosea mwaka."

Zilizobaki zikaingia pindoni.

Huko Morningside mapazia yalining'inia yamenyooka, raha kuyatazama. Madamu akapiga makofi. "Maridadi! Nitakutumia pesa benki Ijumaa."

"Benki inakataa karatasi yangu ya ukimbizi, madamu. Tulipatana feza mkononi, leo."

"Sina hata senti nyumbani. Na wageni wangu wanafika sasa hivi."

"Sharp, sawa," akasema Yvette. Akachutama, akatoa mkasi, akaanza kufumua pindo.

"Unafanya nini wewe?"

"Kitambaa ulinunua, ni chako. Peni ni za bibi yangu. Nazibeba."

Peni zikadondoka kiganjani, moja baada ya nyingine. Pazia la kwanza lilipobaki jepesi, upepo wa dirishani ukalibeba, likafagia meza iliyoandaliwa na kuangusha bilauri. La pili likamfunika madamu mwenyewe kichwa. Yvette akauma mdomo asicheke.

Honi ikalia getini. Madamu akajinasua, akakimbilia mkoba wake kwenye kochi. Kumbe pesa zilikuwamo humo humo, noti mpya, zimefungwa kwa mpira!

Yvette akazihesabu mbele yake, kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole, wageni wakisubiri mlangoni. Ndipo akatunga uzi sindanoni, azirudishe peni pindoni.